Barua ya Kuwaaga Wasiotaka Barua

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa karani wa nyumba ya wageni ya vyumba saba, Mkunazini, Mji Mkongwe. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa mtu aliyewahi kuwa na mashamba. Mashamba yaliondoka, nyumba ikabaki. Sote tukimwita Bi Mkubwa. Kiingereza hakukijua na kompyuta hakuigusa, lakini barua pepe alizipenda kupita kiasi, na mwandishi wake nilikuwa mimi.

Kila mgeni aliyeondoka aliandika anwani yake katika daftari la mapokezi. Mimi nikizinakili, na mara tatu kwa mwaka tukiwapelekea wote barua moja: kabla ya Julai, kabla ya Disemba, na kabla ya masika. Hiyo ya masika ndiyo iliyokuwa roho yetu. Mvua zikianza wageni huadimika, na nyumba ikikosa watu Bi Mkubwa huifunga mpaka Juni, mimi na mpishi tukakae majumbani bila ya kazi.

Bi Mkubwa akisema, nami nikigeuza Kiingereza. Tulianza na hali zao, tukaja kwa watoto wao, wazee wao, baridi ya kwao. Vyumba vilitajwa mwisho kabisa, tena kwa haya. Nimewauliza habari za watoto watu wasio na watoto mpaka uso umenishuka.

Baada ya miaka mitatu orodha ilikuwa imeoza. Anwani nyingi zilikufa, barua zikarudi kama zilivyokwenda. Wengine walituandikia kwa adabu wakiomba tusiwaandikie tena. Mwenye duka la intaneti nilikokuwa nikienda kutuma alinionya.

"Zilizokufa zitoe," alisema. "Na asiyetaka, mwache kabisa. Ukiendelea kuwasumbua, barua zako zote zitatiwa kwenye kapu la takataka, hata kwa yule anayezisubiri."

Nikayapeleka maneno hayo kwa Bi Mkubwa kama yalivyo.

"Umfute mtu? Kakufanya nini?"

"Mwenyewe kasema hataki, Bi Mkubwa."

"Watu husema tu. Na wewe, mwanangu, nani alokufunza kumruka mtu?"

Hapo nikafahamu. Kwake yeye ile ilikuwa orodha ya mwaliko wa harusi. Kwetu ukialika humruki mtu: jirani aliyehama huendewa huko huko alikohamia, na akiwa amefariki hualikwa wanawe. Ndiyo maana bwana mmoja alipotuomba tusimwandikie tena baba yake, kwa kuwa ameshakufa, Bi Mkubwa aliniamrisha nimtie huyo bwana katika orodha.

Nilibishana naye mwaka mzima. Nilichoka, wallahi. Mwezi wa Februari akakubali, kwa sharti moja.

"Wafute. Lakini kwanza tuwaage. Hatuwezi kumtoa mtu kimya kimya. Tuwaombe radhi, pengine tumewakera bila ya kujua."

Kuwaaga maana yake ni kuwaandikia tena, wote kwa pamoja, wale wale waliosema tusiwaandikie, pamoja na zile anwani zilizokufa. Nilijua. Maneno ya mwenye duka nilikuwa nayo kichwani, neno kwa neno. Ningeweza kusema nimetuma na nisitume, nani angenikagua? Lakini nilikuwa nimechoshwa, nikataka ile habari iishe. Nilituma. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote tulizowahi kuandika.

Wiki iliyofuata mwalimu mmoja wa ng'ambo, mgeni wetu wa zamani aliyekuwamo katika orodha, alituandikia. Ana wanafunzi kumi na wawili, wanakuja kuwatazama kima punju wa msitu wa Jozani, wanataka nyumba nzima, Aprili yote. Nilimjibu siku ile ile. Mpishi alifurahi, akaanza kupanga vyakula.

Siku ya nne mwalimu akauliza kama tumeipata barua yake. Nikajibu tena, nikaweka na namba ya simu. Kimya. Nilijua majibu yangu yamelala katika lile kapu la takataka, lakini kumwandikia kwa anwani nyingine hakukunijia mpaka maji yamekwisha kumwagika. Barua yake ya tatu ilikuwa fupi: anasikitika hatukumjibu hata mara moja, wamepata pahala pengine.

Siku zote hizo Bi Mkubwa akiniuliza, "Wamejibu?" Nami nikimwambia, "Bado." Siku ile nilimwambia wamekwenda kwengine.

"Bila ya kutwambia neno?"

Mwalimu wa watu alikuwa ameandika mara tatu. Nikimweleza Bi Mkubwa kweli yenyewe, ingebidi nimwambie kuwa kule kuomba radhi kwake ndiko kulikotufungia nyumba. Kisha ingebidi nimwambie kuwa mimi nilijua, na nilituma. Sikuwa na nguvu hizo. Niliona haya, na naona haya mpaka leo.

"Bila ya neno, Bi Mkubwa."

Aliutengeneza mtandio wake. Miaka yote niliyofanya kazi pale sikuwahi kumwona akimkasirikia mgeni.

"Watu hawana adabu hao," alisema. "Wafute. Wala usiwaage."

Nikaitikia naam, nikaenda kuwafuta.