Nilimsomea Jirani Halbadiri kwa Ajili ya Simu

Kosa ni langu, na sina wa kugawana naye. Mimi ni mzee wa Temeke, nimefundisha Kurani miaka mingi, na nimemwondoa jirani yangu kwenye riziki yake kwa sababu ya simu.

Biashara zilipofunguliwa na vitu vya Dubai vikajaa mjini, mkwe wangu alituletea simu isiyo na waya. Kitako chake kinaungwa kwenye laini na kukaa mahali pamoja. Cha mkononi unatembea nacho mpaka uani. Nilimshukuru Mungu. Binti yetu Zuhura ameolewa Maskati, na hupiga kila Ijumaa baada ya Alasiri.

Lakini sauti ilikuwa ikikatika. Anaongea vizuri, mara mkwaruzo, mara kimya, kisha anarudi katikati ya neno.

Nyuma ya ukuta wetu alikuwa na karakana fundi wa kuchomelea mageti, Mkristo wa bara, mwenye mke na watoto watatu. Nitamwita Damiani. Niliamua kwamba ni mashine yake, nikaenda kumwambia.

"Shikamoo mzee. Mie nachomelea chuma, sichomelei maneno ya Zuhura," akasema, na wateja wake wakacheka.

Kicheko kile kilinikaa. Nikaanza kuamini anafanya makusudi.

Mke wangu akasema, "Baba Zuhura, mwombe azime mashine Ijumaa moja tu, tusikilize."

"Nimwombe yule?"

"Basi endelea kuikumbatia hiyo simu kama umeiposa."

Sikumwomba. Niliwakusanya wenzangu, tukafukiza ubani, tukasoma halbadiri, kisomo cha kumwapiza dhalimu: anayeiharibu simu yangu kwa makusudi, mabaya yamfike. Katika kisomo sikutaja jina. Nililitaja baadaye, barazani, tukinywa kahawa. Najua halbadiri husomwa kwa dhuluma ya namna gani. Nimewafundisha wengine.

Habari ilienea mtaa mzima. Nani apeleke geti kwa mtu aliyesomewa? Wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Aliyeacha vipimo vya dirisha alirudi kuvichukua. Haikufika miezi miwili, Damiani akapakia vyombo kwenye gari na kuhamia Pugu. Alikuja kuniaga. Shikamoo yake niliiitikia nikiwa nimekaa.

Ijumaa iliyofuata Zuhura akapiga. Sauti ikakatika vilevile.

Wiki chache baadaye mke wangu alizima friji ili kuyeyusha barafu. Zuhura akapiga, na sauti ikaja safi. Tukiwa bado tunaongea, mke wangu akaiwasha. Friji ikanguruma, mkwaruzo ukarudi. Akaizima. Zuhura akasikika tena.

Kitako cha simu kilikuwa juu ya friji. Mimi ndiye niliyekiweka pale, ili wajukuu wasikifikie.

Mke wangu alichukua kitambaa akaendelea kufuta maji sakafuni.

Nilikwenda Pugu. Nilimkuta Damiani akiziba pancha za baiskeli. Mashine alikwisha kuiuza. Nilimweleza yote, hata habari ya friji. Alinisikiliza tairi likiwa mkononi.

"Mie nimekusamehe, mzee," akasema. "Ila wale wa mtaani hawajui. Yale uliyasema mbele za watu, na haya kayaseme mbele za watu."

Ijumaa kadhaa zimepita tangu siku ile. Nakaa barazani, kahawa inaletwa, mazungumzo yanapita, nanyanyuka narudi nyumbani. Simu nimeihamishia dirishani na inasikika vizuri. Zuhura anaongea, namjibu, na moyoni hakuna kinachotikisika. Hata istighfari, ya kuomba msamaha, naisoma kama ninayemsomea mtu mwingine. Mwenyezi Mungu anasamehe haki yake. Haki ya mja iko kwa mja, na mja huyu amenipa sharti moja tu, ambalo ulimi wangu haujalitimiza.

Ndugu unayesoma, likikuharibikia jambo nyumbani, anza kuzima vya kwako, kimoja baada ya kingine, kabla hujatazama ukuta wa jirani. Na usimtaje mtu barazani kwa jambo ambalo hujalipima. Kumtaja Damiani kulinichukua muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Kumsafisha nimeshindwa, hata hapa nimeficha jina lake, na langu.