Nilivyomwandika baba yangu mzazi kwenye orodha ya walevi wa kijiji (Ngara, miaka ya vita vya Kagera)

Wakuu, heshima zenu.

Walionizidi umri shikamooni, kama mpo humu ndani, maana nina wasiwasi nimebaki peke yangu. Vijana, shikamoo zenu nimeshazipokea, marahaba.

Hii siyo chai. Mambo haya niliyaona kwa macho yangu, na baya kuliko yote nililifanya kwa mkono wangu mwenyewe, ndiyo maana nimechukua miaka mingi kulisema. Majina nimebadilisha na kijiji sikitaji. Mjue tu kipo Ngara, upande wa Bugarama.

Mtaniwia radhi kwa kuandika kwa vipande. Simu ni ya mjukuu na anaidai kila dakika.

Basi.

Wakati ule wa vijiji vya ujamaa mimi nilikuwa binti niliyemaliza darasa la saba. Kijijini kwetu hiyo ilikuwa elimu kubwa, msicheke. Nikapewa kazi mbili: kufundisha kisomo cha watu wazima, na kuwa karani wa kamati ya kijiji ya kupiga vita ulevi.

Mwanafunzi wangu mmojawapo kwenye kisomo alikuwa baba yangu, Gaspari.

Ebu fikirini, umfundishe mzee aliyekuzaa. Ukimkosoa unasema, "Samahani Baba, hiyo herufi umeigeuza." Naye anajibu, "Sawa mwarimu," huku wenzake wanakufa kwa kicheko. Kwetu L na R ni ndugu, zinaazimana.

Kitu cha kwanza alichojua kusoma na kuandika ni jina lake. Ilimchukua wiki kadhaa. Siku alipoliandika lote bila kukosea alikaa akiliangalia ubaoni mpaka wenzake wote wakaondoka. Nilijisikia fahari sana siku ile.

Sasa niwaeleze kuhusu pombe, maana bila hilo hamtaelewa kosa letu.

Kwetu kuna pombe ya ndizi, tunaiita urwarwa. Ndizi zinaivishwa shimoni siku kadhaa, zinamenywa, kisha zinakamuliwa kwa majani ndani ya umuvure. Umuvure, wingi imivure, ni gogo lililochongwa likawa kama mtumbwi mdogo. Unaongeza maji na unga wa mtama uliokaangwa, unafunika, unasubiri. Baba alikuwa na umuvure alioachiwa na babu, mweusi kwa uzee, na watu walikuwa wanakuja kuuazima.

Urwarwa ulinywewa mchana, uani, watu wamezunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake. Ukizidisha unaonekana. Shemeji atakwambia inatosha, na mrija wako unachomolewa.

Na jambo kubwa zaidi: watu wakigombana, ugomvi hauishi kwa maneno. Unakwisha siku wawili hao wanapoweka mirija kwenye mtungi mmoja mbele ya watu. Kabla ya hapo, hata mkisalimiana mara mia, bado mna ugomvi.

Gongo ni kitu kingine kabisa. Ilikuwa haramu tangu zamani, inapikwa kwenye mabonde, unainywa kwenye kachupa nyuma ya nyumba. Hakuna anayekuona.

Agizo lilipokuja la kupunguza ulevi, kamati yetu ilikaa. Mwenyekiti wa kijiji hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kazi inayoonekana. Akauliza pombe inatengenezewa wapi. Tukajibu, kwenye imivure. Akasema, "Basi ndugu zangu, tukimaliza imivure tumemaliza ulevi."

Wote tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu zaidi.

Imivure ikakusanywa nyumba kwa nyumba, ikapasuliwa kwa shoka uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji. Nilikaa kwenye kistuli na daftari la mistari, nikiweka alama kwa kila umuvure uliopasuliwa. Wa baba ulikuwa mgumu, shoka liligonga mara nyingi. Baba alisimama pembeni mikono nyuma. Nami nikaweka alama yangu, nikageuza ukurasa.

Ripoti ilienda kwa Katibu Kata, ikarudi na sifa. Mwenyekiti alinipa mkono mbele ya mkutano. Kila mwezi nikawa naandika: vyombo vya pombe vilivyosalia kijijini, hakuna. Ulevi umeisha, wakuu! Kwenye daftari.

Hapa nirudi nyuma kidogo. Baba alikuwa na ugomvi na mdogo wake, baba mdogo Filipo.

Ulianza siku za kuhamia kijijini. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa katikati ya migomba, mbali na barabara, na tuliambiwa wote tushuke. Baba alikuwa anajivutavuta. Siku moja alitoka kwenda Kibimba kumwona mgonjwa. Aliporudi alimkuta baba mdogo yuko juu ya paa letu, anang'oa nyasi na kushusha miti.

Baba mdogo alikuwa amesikia kwamba nyumba za watakaochelewa zitachomwa, akataka kuokoa miti ya kujengea. Baba yeye aliona kitu kimoja tu, mtu wa tumbo moja naye anambomolea nyumba. Hakutaka maelezo. Hawakuzungumza tena.

Wazee walikuwa wanapanga mtungi wa kuwapatanisha. Ndizi zilikuwa tayari zimeingia shimoni, kisha sisi wanakamati tukapita na shoka.

Kuanzia hapo baba akaanza gongo. Si yeye peke yake, wanaume wengi. Wale wa mtungi mmoja walitawanyika, kila mmoja na kachupa chake. Kwenye kisomo nilikuwa nasikia harufu kabla sijafungua mlango. Baba akawa anashika chaki kwa mikono miwili ili itulie.

Niliona. Na kila mwezi niliandika kwamba ulevi umeisha, kwa sababu fomu iliuliza vyombo, haikuuliza watu.

Ndipo vita vikaja. Baba mdogo alikuwa mgambo, akaitwa.

Asubuhi ya kuondoka kwao lori lilisimama barabarani na kijiji kizima kikatoka. Akina mama wanaimba, wengine wanalia. Baba akapenya katikati ya watu hadi alipo mdogo wake. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, nikajua leo yameisha.

Akatoa kachupa cha gongo mfukoni, akakinyoosha.

"Kunywa, nami ninywe. Uende salama."

Baba mdogo alikiangalia kile kichupa. Hakukasirika. Alisema kwa upole, "Kaka, hii si ya kupatana. Hii ni ya mtu mmoja. Nikirudi utanikamulia urwarwa."

"Nitakamulia wapi?" baba akauliza.

Lori liliwashwa, baba mdogo akapanda. Baba alibaki amekaa ukingoni mwa barabara na kachupa chake hadi jua likawa la utosi, na alikimaliza.

Baada ya siku ile alizama. Kula hali. Shambani haendi. Mtu mmoja wa kitongoji cha jirani alipofuka macho kwa gongo, nami kila nikimwona baba anapapasa mlango nilikuwa namfikiria yule. Mama alisali rozari mpaka sauti ikamkauka. Niliogopa, wakuu. Niliogopa baba mdogo atarudi hai kutoka vitani amkute kaka yake kaburini.

Mwezi ule Mwenyekiti akaamua tuandike na majina ya wanywa gongo. Watakaotajwa waitwe mkutanoni, walime shamba la kijiji siku tatu. Karani ni mimi. Ningeweza kuliruka jina la baba na hakuna ambaye angenilaumu.

Niliandika. Gaspari, la kwanza kabisa. Nilijiambia ni kwa faida yake, labda aibu itamrudisha. Ukweli mwingine, na huu sijawahi kuusema popote, ni kwamba nilikuwa nimemkasirikia. Nilichoka kumwonea aibu mbele ya darasa langu.

Orodha ikabandikwa mlangoni pa ofisi.

Watu wakajaa. Wengi hawakujua kusoma, wakawa wanaomba wasomewe. Baba hakuomba. Alisogea, akaweka kidole kwenye karatasi, akajisomea herufi moja moja. Nilikuwa ndani, namwona dirishani. Alipofika mwisho wa jina lake alilirudia tena toka mwanzo.

Nilitamani ardhi inimeze.

Alasiri alikuja kisomo, akakaa mbele. Hakunywa siku hiyo. Nilifundisha sijui nini, hata sikumbuki. Wenzake walipoondoka alibaki.

"Mwarimu."

"Abee, Baba."

"Jina rangu nimerisoma. Umeandika vizuri, herufi zote zipo."

Sikuweza kumtazama usoni.

"Rakini mbona hukuandika na sababu?"

"Sababu ipi, Baba?"

"Chukua daftari. Mimi nasema, wewe andika."

Nikachukua. Akasema taratibu, mimi naandika, na machozi yanadondokea karatasi. Yale maneno nayajua kwa moyo: *Gaspari anakunywa peke yake. Mdogo wake yuko vitani na hawajapatana. Umuvure wa kupatana ulipasuliwa na kamati. Karani alikuwepo.*

Kisha akanyoosha mkono, akachukua kalamu. Hadi siku ile karatasi zote za serikali alikuwa anaweka dole gumba. Hii aliisaini. Jina lilipanda na kushuka, ila lilikuwa lote.

Mkutano ulipofika Mwenyekiti aliniambia nisome orodha. Nikasoma jina la baba, halafu nikasoma na sababu, mpaka pale pa "karani alikuwepo".

Mwenyekiti alivua kofia, akajikuna kichwa, akauliza, "Kuna mwingine mwenye sababu?"

Wakuu, mkutano ule ulianza asubuhi na ulitawanyika jioni. Mmoja alisema aliiacha migomba yake kilimani na yeye haijui ardhi ya huku chini. Mwingine mtoto wake yuko vitani, hana habari. Mwingine alisema tu, "Sina wa kukaa naye." Wanaume niliowajua maisha yangu yote, sikuwahi kuwasikia wakisema hayo.

Ikakubaliwa hivi: mitambo ya gongo ikionekana ibomolewe, hakuna mjadala. Lakini mtungi wa kupatana na wa harusi uruhusiwe, Jumapili mchana, uani, mbele ya watu. Mwenyekiti akaniinamia sikioni: "Hilo la mtungi usiliweke kwenye ripoti ya kata." Nililiandika kwa penseli.

Baba siku zake tatu za shamba la kijiji alilima. Alikataa kusamehewa.

Kisha akatafuta gogo. Akaanza kuchonga umuvure mpya, kidogo kidogo, maana mikono ilikuwa haijatulia. Siku akinywa hakuchonga, siku akichonga hakunywa. Nami nikawa naandika hizo siku mwisho wa daftari langu, bila fomu ya mtu. Mwanzoni za kunywa ndizo zilizokuwa nyingi.

Habari za baba mdogo hazikuja kabisa. Umuvure uliisha kuchongwa, ukakaa kivulini umefunikwa majani ya mgomba. Mama alikuwa anaupita bila kuutazama. Hakuna aliyethubutu kuuliza urwarwa utakamuliwa lini.

Vita vikaisha. Wengine wakarudi, wengine hawakurudi. Baba mdogo alirudi mwisho mwisho, amekonda, anachechemea mguu wa kushoto. Hakwenda kwake kwanza. Alikuja kwetu, akasimama uani, akauona umuvure.

Akauliza, "Ndizi zipo shimoni?"

Baba akasema, "Nilikuwa nakungoja wewe tu."

Ndizi zilipoiva walimenya pamoja, wakakamua pamoja, wamepiga magoti huku na huku kwenye gogo. Jumapili, mbele ya kijiji, mirija miwili ikaingia kwenye mtungi mmoja.

Baba mdogo akasema, "Paa lile, Kaka, niliogopa litachomwa."

Baba akavuta mrija kwanza, akameza. "Hata mimi ningeogopa."

Basi, hayo tu. Miaka yote ile kwa maneno hayo.

Sitawadanganya kwamba baba hakuonja gongo tena. Alionja. Mama alipofariki ilimrudia vibaya, akaanguka mara mbili. Lakini hakujificha tena, na mdogo wake alikuwa anakuja kukaa naye uani hadi hamu inapita. Alifia kitandani, uzeeni, anatuona wote.

Kilichonitoa mafichoni ni jambo la juzi. Kwenye mkutano wa kata kijana mmoja mtaalamu alitusomea ripoti kutoka kwenye kompyuta: mitambo iliyobomolewa, lita zilizomwagwa, vijana waliokamatwa na bangi. Imepangwa vizuri sana. Nikajiona mimi kwenye kistuli na daftari.

Nikanyoosha mkono nikamuuliza sababu ameziweka ukurasa gani. Watu wakacheka, wakadhani bibi amechanganyikiwa. Yule kijana hakucheka. Alinifuata nje baadaye, akaniuliza maana yake nini, nikampeleka nyumbani nikamwonyesha lile daftari langu la zamani.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa hodari wa kuhesabu, na kwa uhodari ule nusura nimpoteze baba yangu. Sijutii kumwandika. Najutia kwamba hadi aniambie mwenyewe, sikuwa nimewahi kumuuliza.

Uwanja ni wenu, wakuu. Najua humu kila mtu ana mlevi wake: baba, kaka, mume, pengine yeye mwenyewe anayesoma hapa.

Majina msiweke.

Andikeni sababu.