Bruchi za Bibi

Wiki iliyopita, nikipekua makoti ya mitumba pale sokoni Kilombero, kitu kilinichoma kidole. Bruchi, ile ya kubana kifuani, yenye mawe yanayong'aa. Nikaigeuza nyuma kama nilivyofundishwa, na utoto wangu wote ukanijia.

Bibi alinilea juu ya Usa River, kwenye kahawa na migomba. Baridi ya kule unaijua: kila mama ana koti la mtumba. Wenyewe huko Ulaya yalikotoka walisahau bruchi kifuani, na bibi alizikusanya kwenye kopo. Jumamosi, ndizi na nyama zikichemka, tulizimwaga juu ya kanga.

"Ya zamani ni nzito," alinifundisha. "Kila jiwe limeshikwa na vikucha, si gundi."

Kisha alilipulizia pumzi. Ukungu ukikawia kufutika, ni kioo. Siku zote ulikawia.

Kanisani alivaa tatu kwa mpigo. Maneno yakatembea kwamba bibi ana mawe ya thamani kutoka machimbo ya Mererani.

Walikuja wawili, mchana kweupe, na mapanga. "Bibi, toa yale mawe!"

"Ni vioo, baba. Chukueni."

Alizitoa upesi mno, wakadhani anaficha nyingine. Walimpiga kwa ubapa wa panga, kisha kwa makali. Sikio lake la kushoto likaning'inia. Nilichomoka mlango wa nyuma nikipiga yowe.

Mmoja alivuka mto. Mwenzake, kijana wa Nduruma, alikamatwa kwenye mfereji. Wanaume walitoka mashambani na majembe na mawe. Bibi alifika ameloa damu, akamlalia yule kijana.

"Mwacheni! Ni vioo tu!"

Jirani yetu, mzee wa kanisa, akamnyanyua taratibu. "Samahani, mama." Akamweka pembeni, kisha akaokota jiwe lake. Nilisikia jembe likigonga mfupa. Kijana alimwita mama yake mpaka sauti ikakatika.

Kidonda kilipofunga, bibi alinishika mkono tukashuka Nduruma, kwa mama wa marehemu. Mama yule alilitazama sikio, akatukaribisha chai. Aliuliza jambo moja tu.

"Alisema chochote?"

"Alikuita wewe," bibi akajibu. Wakalia pamoja, chai ikapoa.

Bibi ameshafariki. Kahawa imeng'olewa, zimeota nyumba za kupangisha. Wale wanaume wamezeeka. Nikipanda kule nawaamkia shikamoo, wananiitikia marahaba kwa upole, wananiuliza habari za watoto. Jirani hunikatia mkungu wa ndizi niondoke nao.

Huwa napokea.