Siku Mzee Msengi Alipomtania Mkwewe

Hapa Kinyangiri mwanamke akiolewa hafundishwi kupika, maana kupika anakuja nako. Anafundishwa kumkwepa baba mkwe. Ukimwona anakuja unatoka njiani, unapiga goti pembeni, unaangalia chini mpaka apite. Humpi mkono. Ukiwa na neno naye unamwambia mtu mwingine, yeye akiwa karibu, naye anasikia kama vile kwa bahati. Mwanamke mmoja aitwaye Sikudhani aliyashika hayo tangu wiki ya kwanza, na kwa miaka tisa hakuna aliyemwona amekosea. Baba mkwe wake, Mzee Msengi, naye alikuwa na adabu yake. Alikohoa kabla ya kuingia uani, mkwe apate nafasi ya kujitoa. Waliishi hivyo katika boma moja, bila kugongana.

Kosa lilikuja siku ya mnada, tena mchana kweupe.

Mwaka uliotangulia Sikudhani alikuwa ameanza kuvaa nikabu. Hakuna aliyemlazimisha. Mumewe Rashidi alishangaa kama watu wengine walivyoshangaa, akauliza mara moja, hakuuliza tena. Ilianza baada ya mtoto wao wa pili, msichana aliyemfuata Nasri, kuishi siku nne tu. Kila Sikudhani alikopita watu walimchungulia usoni kutafuta machozi, na walipoyakosa walisema ana moyo wa jiwe. Basi Mwajabu, mdogo wake mama mkwe, aliyekuwa amerudi kutoka Singida mjini akiwa tayari amejifunika, akampa kitambaa kimoja.

"Jaribu," alimwambia. "Ukiona unahema vizuri, endelea. Ukiona unabanwa, nirudishie."

Sikudhani alihema vizuri. Mwanzoni ilikuwa nguo ya msiba. Baadaye akaanza kuamka alfajiri kuswali, akakaa kwenye darasa la akina mama, ikawa nguo ya Mungu. Siku gani iligeuka, mwenyewe hajui. Nyumbani aliivua, kwa sababu kidini baba mkwe ni kama baba mzazi, na uso haufichwi mbele yake. Kuangalia chini kulikuwa ni kwa mila, hakukuhusiana na kitambaa.

Kwa hiyo kijijini wakawa wawili waliofunika nyuso, yeye na Mwajabu, kimo kimoja, weusi mmoja. Mnadani walikaa jirani. Sikudhani aliuza kuku wa kienyeji kwa wanunuzi wanaopakia magari ya Dar es Salaam, Mwajabu aliuza vitunguu.

Siku hiyo Mwajabu alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Sikudhani alihamia kwenye gunia lake amlindie vitunguu. Mzee Msengi akatokea upande wa mbuzi, ameuza vizuri, kofia iko nyuma. Mwajabu ni shemeji yake, na utani wao watu waliungoja kila mnada kama wanavyongoja supu.

"Kunguru wangu!" alimwita kwa sauti. "Dada yako ananilisha mlenda tangu Jumatatu. Leo nahamia kwako. Tandika kitanda, na usiniletee habari za magoti kuuma!"

Watu wakacheka. Mzee akamshika mkono.

Sikudhani aliganda. Kumfungulia baba mkwe kinywa mbele za watu ni kosa. Kunyamaza naye amekushika ni kosa pia. Alichagua lile alilolizoea, akanyamaza, akainamisha kichwa.

"Ona, leo anaona haya!" Mzee Msengi alifurahi. "Jamani mashahidi, amekubali!" Akamzungushia mkono kiunoni, akamtikisa kama mtu anayepima gunia.

Leah, muuza dagaa wa upande wa pili, alikuwa amemwona Sikudhani anahama. Alipiga kelele. "Babu! Babu, mwache! Huyo ni Mama Nasri!"

Kicheko kilikatika. Mzee aliuondoa mkono kama aliyeshika chungu cha moto. Kuku tu ndio walikuwa wanalia kwenye matenga. Kisha kijana mmoja juu ya gari akasema, "Loo, mzee amejiposea mkwe!" Hapo mnada mzima ukalipuka. Mzee Msengi aliondoka bila kumwangalia mtu, akiyumba kidogo, kama amelewa, naye pombe hajawahi kuonja.

Hakula siku hiyo. Siku ya pili alikunywa uji ulioletwa kutoka nyumba ya jirani. Chakula kilichopikwa na Sikudhani alikirudisha kikiwa kimefunikwa. Mama mkwe alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Hana hasira na wewe," alisema. "Ana aibu. Aibu ya mzee haina dawa dukani."

"Mama, nifanye nini?"

"Anasema hawezi kutembea njiani akimwogopa kila mwanamke aliyejifunika. Anasema kitambaa kiondoke, au mmoja wenu aondoke."

Sikudhani aliendelea kupepeta mtama. Mikono ilifanya kazi, kichwa hakikuwepo.

Wiki haikuisha, jambo likatoka bomani likawa la watu wote. Mwenyekiti wa kitongoji, Elisha, aliitisha mkutano Jumapili mchana, watu wa kanisani wakishatoka. Hakuna aliyekuja kuzungumza habari ya mkwe. Walikuja kuzungumza kama wanawake waruhusiwe kuingia mnadani wamefunika nyuso.

Antipasi kinyozi alisimama wa kwanza. "Mimi sibishi dini ya mtu. Lakini shikamoo nampa nani? Juzi nikiwa mjini nimemwamkia mmoja, mpaka nimevua kofia, kumbe ni mtoto niliyemwacha darasa la pili!"

"Na alikuitikia marahaba?" mtu akauliza.

"Aliitikia, tena kwa maringo!"

Kicheko. Mwingine, mfuga mbuzi, hakucheka. "Leo ni mkwe. Kesho ni jambazi la kiume limevaa baibui."

"Lile lililokuibia mbuzi lilikuwa na ndevu," Leah alimjibu. "Uso tuliuona wote, na hukulikamata. Mwache Mama Nasri."

"Wewe Leah ni Mlutheri, yanakuhusu nini?"

"Vitunguu ninavyonunua kwa Mwajabu vinanihusu."

Shehe alipoombwa kusema alijikuna shingo kwanza. "Wako wanaosema ni lazima, wako wanaosema si lazima. Kumvua mtu kwa nguvu, huyo anayelisema mimi simjui." Akakaa. Kila upande ukadhani umeungwa mkono.

"Mhusika yupo," Elisha alisema. "Aseme mwenyewe."

Watu wakageuka upande wa wanawake. Sikudhani alisimama. Mbele kabisa, kwenye benchi, alikuwa Mzee Msengi amewapa watu mgongo. Asingeweza kuuhutubia mkutano huku baba mkwe anasikia. Wote walijua hivyo, na wachache walianza kutabasamu, kama waliomwona mnyama amefika mwisho wa zizi.

Akamgeukia Leah.

"Leah," alisema kwa sauti ya kufika benchi la mbele, "mwambie mwenyekiti kwamba kosa la mnadani nusu ni langu. Ningekohoa tu, yasingetokea. Lakini mwambie pia, mbele ya baba nimeuficha uso wangu miaka tisa kwa kuangalia chini, na hakuna aliyeitisha mkutano. Nikiivua kwa sababu watu wamecheka, basi hata kuivaa nilikuwa nimeivaa kwa ajili ya watu. Mwambie siwezi."

Leah hakuwa na haja ya kurudia. Mzee Msengi naye, bila kugeuka, akamwambia mkewe aliyekaa chini karibu na miguu yake.

"Mwambie huyo mtoto sijasema ni mkosaji. Lakini mkono huu umemshika. Hata akiivua leo, mkono utabaki umeshika."

Elisha alitangaza kwamba hakuna katazo, kila mtu avae anavyovaa na achunge mbuzi wake. Watu walitawanyika wakinung'unika, hawa kwamba amekuwa mwoga, wale kwamba amechelewa kusema.

Asubuhi Sikudhani alifunga nguo zake na za Nasri katika kanga. Alikuwa ameshaamua kurudi kwa mama yake Ikungi. Rashidi alikaa ukingoni mwa kitanda akiangalia fundo lile.

"Na ukiivaa mjini tu, huku kijijini ukaacha?"

"Ungekuwa unaswali mjini tu, hiyo ungeiita kuswali?"

Mara wakasikia kikohozi uani, kisha mlio wa mkokoteni. Sikudhani alichungulia. Punda alikuwa amefungwa tayari. Juu palikuwa na godoro la mzee, jamvi lake, na sanduku la bati. Mama mkwe alikuwa anafunga kamba, ametangulia kujifunga kanga ya safari.

"Mama, mnakwenda wapi?"

"Kwa mdogo wake Rashidi, kule ng'ambo ya korongo," mama mkwe alisema bila kumwangalia. "Babako amesema mama wa wajukuu wake hafukuzwi kwa aibu ya mzee. Mzee ndiye anayehama."

"Na wewe?"

"Mimi nimemfuata tangu nikiwa na meno yote. Nitamwachia nani leo?"

Sikudhani alitoka, uso wazi, akapiga goti kando ya lango kama siku zote. Magurudumu yalipita karibu sana na goti lake. Aliiona miguu ya baba mkwe, viatu vya tairi na vumbi, ikasimama kidogo, halafu ikaendelea.

Rashidi aliwasindikiza mpaka korongoni. Aliporudi alikuta Sikudhani ameufungua mzigo wa kanga na kuzirudisha nguo za mtoto kwenye kamba.

"Mnada ni keshokutwa," Rashidi alisema. "Utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Umejifunika?"

"Nimejifunika."

Rashidi alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa, akachukua jembe akaenda kwenye alizeti bila kunywa chai. Nasri alikuwa anapita nyumba moja hadi nyingine katika boma lile lililobaki na milango wazi, akiita, "Babu! Bibi!" Sikudhani alimwacha aite mpaka achoke mwenyewe.