Ndizi za Mkuyuni zimepitia Japani

Leo nimeagiza ndizi Mkuyuni kupitia Japani. Msinicheke kwanza.

Mama mkwe yuko kwangu hapa Kilakala, na ana hamu ya ndizi mzuzu. Rafiki yangu Mkude alikuwa anajiandaa kushuka huku kwetu na pikipiki kutoka Mkuyuni. Nampigia simu, hapatikani.

Nikasema hamna shida, wote wawili tuna redio za mawasiliano ya masafa ya mbali. Nikawasha.

"Mkude! Mkude!"

Redio inakwaruza tu.

Mama mkwe akachungulia. "Baba Neema, hilo dude huwa linajibu?"

Mara likajibu. Mjapani! Leo hewa ilikuwa imefunguka, jamaa anasikika kama yuko jikoni kwetu.

Mama mkwe akadakia, "Japani unaipata, Mkuyuni hapo nyuma ya mlima huipati?"

Nikamweleza kwamba mawimbi yanapaa juu angani, yanadunda, yanaenda kutua mbali. Watu wa karibu yanawaruka.

Akanitazama kama mtu anayejuta kupokea mahari.

Basi nikamwomba Mjapani amwite Mkude. Akampata hapohapo! Akarudi kwangu kwa Kiingereza: rafiki yako anauliza, mkungu mmoja au miwili?

Nikamtafsiria mama mkwe.

"Miwili!" Akaisogelea redio mwenyewe. "Na asilete mibichi sana!"

Jioni tumekaa mezani, ndizi zinafuka moshi, mama mkwe akasali.

"Ee Bwana, mbariki Mkude aliyezileta. Mbariki na yule kijana wa Japani. Amina."

Na mimi niliyekaa pembeni yake?

Nimerukwa, kama Mkuyuni.