Wimbo Usiopigiwa Filimbi

Kabla sijaanza nikuombe kitu kimoja: usinitafutie sababu. Usiniambie ulikuwa ukungu, au njaa, au homa. Homa naijua, nimeugua malaria tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Asubuhi ile nilikuwa mzima, nimekunywa uji wangu nikashiba, na nilichokiona Matogoro nilikiona kwa macho haya haya ninayotungia uzi kwenye sindano bila miwani hadi leo.

Mimi nilikuwa mwimbaji wa bendi. Ukiniona sasa na cherehani yangu huwezi kuamini, lakini waulize waliokuwa vijana Songea miaka ya ruksa, mitumba ilipoingia na kila duka likaweka redio kaseti mlangoni, ipige kelele kuliko ya jirani. Bendi yetu iliitwa Ruhila Saundi. Kiongozi na mpiga gitaa la solo alikuwa kaka yangu mkubwa, Oswin. Kwenye dramu alikaa Shabani, Myao wa Namasakata, mtu wa maneno machache. Kaseti yetu ya kwanza ilikuwa rumba tupu, ya kucheza umeshika kiuno cha mwenzio, nayo ilitupa jina. Halafu likaja disko. Ukumbi ukabaki na sisi na mlinzi, na mlinzi mwenyewe alikuwa anasinzia.

Oswin akasema tubadilike. Alikuwa amepata kaseti za roki kwa rafiki yake aliyekuwa akivuka kwenda Malawi, akazisikiliza mpaka mkewe, Yustina, akatishia kurudi kwao Hanga. Akanunua na kisanduku cha kukanyaga kwa mguu: ukikikanyaga, gitaa linaacha kuimba linaanza kunguruma. Siku alipokikanyaga mazoezini mara ya kwanza, mimi na yeye tulitazamana. Shabani akauliza, "Vipi, limeharibika?"

Halikuharibika. Mngurumo ule tuliujua tangu utotoni. Ilikuwa sauti ya vibuyu vya baba.

Hapa nivumilie kidogo. Baba yetu alikulia kandokando ya Ziwa Nyasa, na huko wanaume hucheza mganda. Wanapanga mistari kama askari, kaptura nyeupe, soksi nyeupe za kufika magotini, viatu vimepigwa rangi, na wana vyeo vyao, sajenti, kepteni. Mikononi wana vibuyu virefu vilivyotobolewa tundu, na tundu limezibwa kwa utando wa buibui. Mtu akiimbia ndani, utando unatetemeka, sauti inatoka nene, inakwaruza, kifua kinaisikia kabla ya masikio. Baba alikuwa kepteni. Alipohamia Songea alikusanya wenzake waliotoka ziwani, wakawa wanacheza Jumapili baada ya misa.

Na walikuwa na sheria moja ambayo hata sisi watoto tuliijua. Wimbo wa kuagia ulikuwa wa mwisho, na ukishaanza hakuna anayetoka mstarini mpaka kepteni apulize filimbi na kuwaambia watawanyike. Unadhani nakutania? Niliwahi kuwaona wazee wazima wamesimama juani, jasho linawachuruzika, kwa sababu paroko alimwita baba pembeni katikati ya wimbo huo na wawili hao wakaanza kuzungumzia bati za kanisa. Hakuna aliyekaa. Mama aliwapelekea maji, wakanywa wamesimama, na baba aliporudi hakuomba hata radhi.

Basi kwenye albamu mpya Oswin akauchukua wimbo huo huo wa kuagia. Gitaa likanguruma kama vibuyu, Shabani akapiga dramu za mwendo wa kwata, mimi nikaimba maneno ya baba. Wakati huo baba alikuwa ameshafariki na wenzake karibu wote. Sikufichi, hatukuwahi kupiga wimbo mzuri kama ule, na nilipokuwa nauimba nilijisikia fahari mpaka machozi yakanitoka.

Tulikwenda kuurekodi Dar es Salaam. Fundi mitambo wa studio akatuambia kwamba siku hizi nyimbo za kisasa hazikatwi. Sauti inashushwa kidogokidogo mpaka inapotea, msikilizaji abaki na hamu. Oswin akapenda sana. "Ndivyo wanavyofanya kwenye roki," akasema, kana kwamba amezaliwa huko. Kwa hiyo wimbo ule kwenye kaseti hauna mwisho. Gitaa linaendelea, dramu zinaendelea, mimi naendelea kuimba, na sote tunafifia kama watu wanaoondoka na lori. Filimbi? Nani angeikumbuka? Vichwa vyetu vilikuwa kwenye picha ya jalada.

Kaseti ikafika Songea, ikapigwa kila baa na kila saluni. Watu walituita mtaani kwa majina. Na Oswin akaanza kuumwa.

Ilianza kwenye vidole. Anakula ugali kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto unabonyeza pajani nyuzi ambazo hazipo. Halafu usingizi ukamkimbia. Yustina alisema analala amenyooka, macho wazi, anaunguruma wimbo ule, na akifika pale unapofifia anarudi mwanzo. Hospitali walimpima malaria, hakuna kitu. Walimpa vidonge vya usingizi, akavimeza na kuendelea kunguruma. Padri akaja kumwombea, akaitikia amina huku vidole vinakwenda. Alikonda mpaka mkanda wa gitaa ukawa unamteleza begani.

Nilimfuata nikamwambia, "Kaka, huo wimbo uache."

"Mdogo wangu, siwezi," akanijibu. "Nikiuacha, kuna watu nawaacha njiani."

Nikamkemea. Nilimwambia asilete ujinga, ana mke, ana watoto. Kisha nikatoka, nikaenda nyuma ya banda la kuku nikalia, maana nilikuwa nimeshaona kwamba tunaelekea kumzika.

Sasa sikiliza. Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Songea ya mwezi wa saba kila mtu anaijua. Nilitoka nyumbani Matogoro asubuhi, jua limeshachomoza, nimebeba kichwani furushi la sare za shule nilizozishona, napeleka mjini. Njia ile inapita chini ya kilima, karibu na miti. Ukungu ulikuwa haujaisha. Ulining'inia kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu, chini ya hapo unaona nyasi vizuri tu.

Nikasikia vibuyu. Nilijua ni vibuyu na si gitaa la Oswin, kwa sababu gitaa halipumui, na hivi vilikuwa vinapumua. Vilipiga wimbo wa kuagia, pole pole, kama watu waliochoka.

Hatua chache mbele yangu, pembeni ya njia, alikuwa amesimama mzee. Kaptura nyeupe, soksi nyeupe, kifua mbele, kibuyu amekibana kwapani. Ndevu zake zilikuwa nyeupe pia. Nilifikiri ni mtu wa sherehe fulani, amepotea njia.

"Shikamoo, baba," nikasema. Ndivyo nilivyolelewa, hata shetani akija na mvi nitamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Samahani nakuchelewesha. Mnamaliza lini?"

"Tunamaliza nini, baba?"

"Wimbo. Mlituita, tukapanga mstari. Tunapiga, tunarudia, tunapiga. Hatujatawanywa."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeulizia basi lililochelewa. Na hapo ndipo nilipoona mambo mawili ambayo siwezi kuyasahau. Mimi nikizungumza, moshi ulinitoka mdomoni kwa baridi. Yeye akizungumza, hakikutoka kitu. Na nyasi zilikuwa zimelowa umande, gauni langu limeloana mpaka magotini, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu, vinang'aa.

Niulize kwa nini sikukimbia. Miguu haikuwa yangu. Mdomo tu ndio ulikubali. "Kepteni wenu yuko wapi?" nikamuuliza.

"Tuko naye," akasema. "Ila filimbi aliiacha kwenu." Akageuza uso kuelekea kwenye miti.

Nikatazama. Chini ya ukungu ilipangika miguu, mstari mzima, miguu tu, soksi nyeupe na viatu. Yote imenyooka, ila mguu mmoja wa mwanzoni ulikuwa na soksi iliyofungwa chini ya goti kwa kitambaa chekundu. Amini nakwambia, nilikitambua. Soksi ya kushoto ya baba ilikuwa haikai. Kila Jumapili ilimteleza mbele za watu, mpaka mama alipochana kanga yake nyekundu na kumfungia. Alizikwa na nguo zake za mganda, na mama alimfungia soksi ile kwa mkono wake mwenyewe.

Nilitaka kumwita. Ule mguu ulikuwa unatetemeka kidogo, kama wa mtu mzima aliyesimama muda mrefu kupita kiasi. Niliumia kuliko nilivyoogopa, na sijui kama umewahi kusikia hivyo vitu viwili kwa pamoja. Furushi likaniporomoka kichwani, nikainama kulidaka, na nilipoinuka palikuwa na nyasi tu, zimelowa, hazijakanyagwa.

Nilirudi nyumbani mbio, sare nimeziacha hapo hapo. Mama alikuwa anachambua maharage. Nilimweleza yote, nikitegemea atanipaka mafuta ya baraka au kunipeleka kwa padri. Aliendelea kuchambua mpaka nilipofika kwenye kitambaa chekundu. Hapo akaweka ungo chini.

"Hao si majini," akasema. "Ni mahoka, wazee wetu wenyewe. Na huyo ni baba yenu, hana pa kwenda." Akaingia ndani, akafungua sanduku lake, akatoka na filimbi ya baba imefungwa kwenye leso. "Ningemzika nayo. Nilitaka nibaki na kitu chake kimoja, basi."

Mchana huo huo tuliwakusanya wote. Waya wa umeme tuliuvuta kutoka kwa jirani, vyombo tukavipanga uani. Oswin alikuja ameshikwa mkono na Yustina, macho mekundu. Shabani alisikiliza habari nzima, akafikiri, akasema, "Mimi dini yangu haina hayo mambo, ila mzee alikuwa akinipa chai. Bismillahi." Akakaa kwenye dramu.

Tukaupiga. Tuliupiga kwa sauti ile mpya, ya kunguruma, maana wao walikuwa wameitikia hiyo hiyo. Nilivyokuwa naimba nilihisi ua umejaa, ingawa aliyekuwepo ni mama na majirani na kuku. Tulipofika pale ambapo kwenye kaseti tunafifia, Oswin hakufifia. Alikata. Shabani naye akakata. Mama akampa Oswin filimbi.

Mara ya kwanza ilitoka pumzi tu. Ya pili ikalia, ndefu, kama ya baba. Akavuta hewa akasema, kwa sauti ya kuvunjikavunjika, "Wazee wetu, asanteni. Tawanyikeni."

Tulisikia kishindo kimoja. Majirani pia walikisikia, nenda kawaulize. Kishindo cha viatu vingi vikikanyaga chini kwa pamoja, hivyo hivyo mganda unavyovunjwa. Vifuniko vya sufuria jikoni vililia. Halafu kukawa kimya, kimya kizuri, hata spika iliyokuwa inakoroma siku zote ilinyamaza.

Nikamtazama kaka yangu. Vidole vyake vilikuwa vimetulia juu ya gitaa. Alisema, "Mama, nasinzia," kama mtoto, akaegemea spika, akalala hapo hapo na kiatu kimoja mguuni. Alilala mpaka kesho yake, misa imeisha. Yustina alikaa karibu naye akimfukuzia nzi na kucheka peke yake. Mama alilia, kisha akatuuliza kama tuna njaa. Mimi nilihisi mtu amenitua mzigo ambao sikujua nimeubeba. Jioni nilirudi kuzifuata sare zangu, na ile njia sikuiogopa hata kidogo.

Oswin yupo hadi leo, mnene, analalamika juu ya wajukuu. Tuliurekodi wimbo upya, na mwishoni filimbi inalia. Wenye baa hawakutupenda kwa hilo, maana wateja wa Songea wakiisikia filimbi ile wanamaliza bia na kwenda kwao. Bendi ilikuja kuvunjika, kama bendi zote. Mimi imenibakia tabia moja. Redio ikikatiza wimbo katikati, hata wa matangazo, naumalizia kwa mdomo wangu, kisha ndipo naendelea kushona. Wateja wananiona kichaa, na wananilipa hivyo hivyo.

Ila zile kaseti za wimbo unaofifia bila filimbi hatukuweza kuzikusanya zote. Zipo Mbinga, zipo Tunduru, labda ipo kwenu kwenye boksi chini ya kitanda. Ukiikuta, isikilize, sikukatazi, ni muziki mzuri. Lakini sauti ikianza kufifia, usiondoke ukaenda zako. Piga filimbi. Kama huna, piga mluzi, au waambie tu kwa mdomo kwamba wimbo umeisha, waende wakapumzike. Baba yangu ni mtu mzima, na ile soksi haikai. Usimsimamishe.