Nyumba Waliyomjengea Mwalimu Muthama

Muthama aliletwa kufundisha kwetu, mbali kupita Mutomo, mwaka wa 1974. Mkewe Mumbua alibaki Kibwezi na watoto. Kila mwaka Muthama aliomba uhamisho arudi kwao, na kila mwaka wazazi walimtuma mzee Muli, mwenyekiti wa kamati ya shule, aende afisi ya elimu kumzuia. Mwalimu mzuri haachiliwi, walisema. Tulikuwa walimu wawili tu, na mimi hakuna aliyenipigania. Nilikuwa nikimtania kwa hilo, mpaka nikaona yanayompata.

Alianza kwa kukosa usingizi, kisha akaacha kula. Madarasa manne yalikuwa yake peke yake, na jioni hakuwa na wa kuongea naye ila mimi. Siku moja nilimkuta akieleza hesabu kwa madawati matupu. Nikamwambia aende hospitali.

"Nikienda, nani atashika darasa la saba?" akaniuliza.

Halafu, katikati ya likizo ya Agosti, ambayo hakwenda kwao, alipiga kengele. Kengele yetu ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyotundikwa mtini. Watoto waliacha mbuzi malishoni wakaja mbio. Wakamkuta amesimama ubaoni, chaki mkononi, analia, hajui ni siku gani. Nami nikafika, nikawarudisha nyumbani, nikaenda moja kwa moja kwa mzee Muli.

"Mwalimu ni mgonjwa wa akili, mzee. Mwacheni aende kwao."

"Mgonjwa? Mtu anafundisha mpaka likizo, na wewe unamuita mgonjwa? Wewe umewahi piga kengele likizo?"

Niliondoka nimepandwa na hasira. Jumapili kanisani wakamshukuru Mungu kwa mwalimu mwenye bidii, na kabla ya Krismasi walikuwa wamemjengea nyumba ya matofali yenye paa la mabati, karibu na shule. Walifanya kwa upendo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Siku ya kumkabidhi, kwaya iliimba. Muli akampa ufunguo.

"Mwalimu, mambo ya uhamisho yasikusumbue tena. Tumeongea na afisi, wamekubali ubaki. Hii ni yako mpaka uzeeke."

Muthama aliupokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaingia na kujifungia. Chakula kilipoiva, mimi na Muli tulienda kumwita. Nikapiga hodi. Tulimsikia ndani, akiwaambia watoto wasiokuwepo wafungue ukurasa mwingine.

Muli akatabasamu. "Unasikia? Hata leo anafundisha."